Kicheko si Kitunguu

Ndugu msomaji, ukipanda basi Dar es Salaam alfajiri kuelekea Iringa au Mbeya, utaipita mbuga ya Mikumi, utapinda pamoja na milima, kisha mibuyu itaanza kusimama kando ya barabara kama wazee barazani. Ukivuka daraja la Mto Ruaha Mkuu umefika Ruaha Mbuyuni, mlango wa Mkoa wa Iringa. Joto la bonde hukupokea kwanza. Halafu huja wachuuzi, wameinua vitunguu hadi kwenye madirisha, kila mmoja akiapa kuwa vyake ndivyo vikavu.

Lakini kwa miaka mingi imekuwa kawaida kuwaona abiria ambao hata hawageuzi shingo. Macho yao yapo mbele, juu ya kichwa cha dereva, kwenye televisheni ya basi. Humo mzee mmoja amekunja uso, anafoka kwa jambo lisilostahili hasira, na basi zima linacheka. Mzee huyo ni Amri Athumani, ambaye taifa lilimjua kwa jina la King Majuto. Alifariki dunia mwaka 2018, lakini kazi yake haikuzikwa pamoja naye. Swali ninalotaka tulitafakari leo ni dogo: kicheko kile, nani hukilipia?

MIAKA SITINI YA KUCHEKESHA

Marehemu alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alipanda jukwaani mwaka 1958, akiwa bado mtoto mdogo. Siku zile mchekeshaji alikula kwa watu waliokaa mbele yake. Wakicheka usiku huo, amefaulu. Wasipocheka, amelala njaa. Zanzibar ilipata televisheni miaka ya sabini, na Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Wakati huo Majuto alikuwa na umri wa miaka 46, umri ambao wafanyakazi wengi huanza kuhesabu miaka ya kustaafu.

Yeye ndipo alipopata hadhira ya nchi nzima. Hakuwa mtu wa kukariri maneno yaliyoandikwa. Alipewa kisa, naye akayatunga maneno palepale, kwa lafudhi ya kwao Tanga. Alicheza michezo ya televisheni, akatoa kanda za vichekesho zisizohesabika, na sauti yake ikauza bidhaa katika matangazo ya biashara. Vijana walimpenda zaidi alipoigiza na Sharo Milionea, kijana wa Tanga aliyefariki kwa ajali ya gari wilayani Muheza mwezi Novemba 2012.

Mwaka 2018 ugonjwa ulimzidi. Alitibiwa nchini, akapelekwa India, akarudi, na tarehe 8 Agosti akafariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Akazikwa Tanga. Katika miezi ile ya maradhi, wananchi walishangaa kusikia kwamba mtu aliyeonekana kila siku kwenye kioo alihitaji msaada wa kujitibu, na kwamba alikuwa na malalamiko juu ya mikataba ya kazi alizozifanya. Jambo hilo lilifika serikalini. Mwaka huohuo, Waziri mwenye dhamana ya sanaa, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii.

KITUNGUU HULIWA MARA MOJA

Ndugu msomaji, mkulima wa Ruaha Mbuyuni anazo shida zake. Analanguliwa shambani, anapunjwa kwa gunia la lumbesa. Hata hivyo biashara yake inaeleweka: kitunguu kikishaingia chunguni, kimekwisha. Mnunuzi akitaka kingine, sharti arudi na fedha.

Kazi ya mwigizaji haiko hivyo. Mchezo ukishapigwa picha, huliwa leo, huliwa kesho, huliwa na wajukuu, na hauishi. Ajabu ni kwamba waigizaji wengi wa kwetu waliuza kazi zao kama vitunguu: jumla, mara moja, na kwaheri. Aliyenunua aliendelea kuvuna kutoka shamba ambalo mlimaji wake hana tena haki ya kulikanyaga.

Usidhani msiba huu ni wa nchi maskini peke yake. Marekani palikuwa na mchezo wa televisheni ulioitwa Gilligan's Island, uliotengenezwa kati ya mwaka 1964 na 1967, vipindi 98. Msichana wa shamba aitwaye Mary Ann aliigizwa na Dawn Wells. Mchezo ule ulirudiwa kwenye televisheni kwa miongo mingi. Mwaka 2018, mwaka uleule wa kifo cha Majuto wetu, rafiki wa mwigizaji huyo aliitisha mchango ili kumwokoa na madeni. Mikataba ya enzi zake iliwalipa waigizaji kwa marudio machache ya mwanzo tu. Bi. Wells alifariki mwezi Desemba 2020.

Waliofuata walipata nafuu, wala si kwa huruma ya matajiri. Mwaka 1960 chama cha waigizaji wa filamu wa Marekani kiligoma. Waliporudi kazini walikuwa wamepata malipo kwa filamu mpya zitakapoonyeshwa kwenye televisheni, na dola milioni 2.25 za kuanzisha mfuko wa pensheni na matibabu. Mwaka 1974 wakapata haki ya kulipwa kila mchezo wa televisheni unaporudiwa, bila kikomo.

LA KUFANYA

Sisi nasi hatuko mikono mitupu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji pia, si mtunzi peke yake. Lakini sheria haimsomei mtu mkataba wake. Kama nyumbani kwako yupo kijana mwenye kipaji, mfundishe kuuliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi: Kazi hii itaonyeshwa kwa muda gani? Ikirudiwa nitalipwa nini? Nikifa, watoto wangu watapata nini? Asiyejibiwa na asitie kalamu. Na asiende peke yake, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi sasa linaondoka Mbuyuni kuukabili Mlima Kitonga. Nyuma, mchuuzi anaihesabu noti yake. Jasho lake la leo amelipwa. Mbele, juu ya kichwa cha dereva, mzee bado anafoka na abiria bado wanacheka.