Lalamiko la Mwanafunzi Lijibiwe
Mkulima wa Itetemia, Tabora, auzaye asali ili mwanawe asome chuo kikuu, anayo haki ya kuona elimu hiyo ikitolewa kwa uaminifu. Kwa hiyo mwanafunzi aliyedhulumiwa matokeo au ada asiishie kunung'unika. Na aandike barua, aambatanishe ushahidi, nakala yake igongwe muhuri. Aanzie idarani, kisha uongozi wa chuo. Asiposikilizwa, aiendee Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya 2005.

Kuandamana kuna gharama: Oktoba 1966, mamia ya wanafunzi waliopinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa walirudishwa makwao. Lakini wakuu wa vyuo nao wakumbuke: barua isiyojibiwa ndiyo mama wa maandamano.