Je, Wajua? Soma Ubavu wa Tairi Kabla ya Kuuliza Bei

Je, wajua kwamba kuna magari ambayo matairi yake ya mbele hayaendi nyuma, na si kosa la fundi? BMW ya mfululizo wa 3, toleo la E90 lililoanza kuuzwa mwaka 2005, ikiwa na rimu za inchi 18 za kimichezo huvaa 225/40R18 mbele na 255/35R18 nyuma. Nguvu ya injini inashukia nyuma, basi nyuma ndiko kulikopewa matairi mapana. Anayefika dukani na kusema "nipe manne ya kumi na nane" atapewa manne kweli, lakini si yake. Na ile desturi ya kuhamisha matairi ya mbele na nyuma ili yalike sawasawa, hapo haipo.

Namba hizo zimebanana mstari mmoja na kumbe ni vipimo vya aina tatu. 225 ni milimita za upana. 40 si milimita wala inchi, ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 40 ya upana, yaani milimita 90. 18 ndizo inchi za rimu. Ukipiga hesabu ya tairi zima, la mbele lina kipenyo cha takriban milimita 637 na la nyuma 636. Upana umepishana kwa milimita 30, kipenyo kimepishana kidogo mno usione kwa macho. Ndivyo ilivyokusudiwa, kwa kuwa kompyuta ya breki hulinganisha mizunguko ya magurudumu yote manne muda wote gari linapotembea.

Sasa chukua E90 ya kawaida yenye 205/55R16. Kipenyo ni milimita 632, karibu kile kile, ila ubavu umepanda hadi milimita 113. Hizo ni milimita 23 za ziada za mpira na upepo kati ya shimo la barabarani na rimu yako. Kwa maoni yangu hakuna namba nyingine inayomhusu zaidi mtu anayeishi mahali ambapo tuta jipya huota usiku mmoja bila kibao wala rangi. Rimu kubwa hupendeza gari likiwa limeegeshwa. Ila usikimbilie kuzishusha kabla ya kutazama breki: 335i ina diski za mbele zenye kipenyo cha milimita 348, na rimu ya inchi 16 haiwezi kuzimeza.

Hiyo R katikati ya namba ni ya radiali, muundo uliosajiliwa na Michelin mwaka 1946, wakati ambapo kampuni hiyo ndiyo ilikuwa mmiliki wa Citroën. Matairi mapya yalipata magari ya kuyavaa bila kubembeleza mtu.

Je, wajua kwamba sedani nyingi za BMW za kizazi kile ziliuzwa bila tairi la spea? Badala yake zilipewa matairi yenye ubavu mgumu unaobeba gari hata upepo ukiisha. Kila kiwanda kina alama yake: Bridgestone huandika RFT, Continental SSR, Michelin ZP, Goodyear ROF. Ahadi ya kawaida ni kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Katika nchi ambayo duka la matairi halikosekani kwenye mji unaofuata, hiyo inatosha. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni zaidi ya kilomita 180, na tairi la kipimo hicho halining'inii kwenye kila kibanda cha pancha. Ubavu ule mgumu, juu ya hayo, hukupelekea kila jiwe mgongoni. Wengi huyavua na kuweka ya kawaida, nami sioni ubaya wake, mradi buti lipate spea au angalau pampu na dawa ya kuziba. Kubadilisha tu bila kuweka akiba ni kuomba kulala porini.

Utaona pia vialama vidogo visivyoelezwa na muuzaji. Nyota ni ya BMW, MO ni Mercedes-Benz, AO ni Audi, N0 na wenzake ni Porsche, T0 ni Tesla. Maana yake ni kwamba tairi hilo, ingawa jina lake ni lile lile la rafu ya jirani, lilirekebishwa na kupimwa kwa ajili ya gari la kampuni hiyo. Porsche hukataza hata kuchanganya N za namba tofauti kwenye gari moja. Kwa sedani ya miaka kumi nisingeuza ng'ombe kwa ajili ya nyota, lakini ningekataa katakata kuweka mawili yenye nyota mbele na mawili yasiyo nayo nyuma.

Mwishoni mwa mstari kuna kitu kama 91W. 91 si kilo tisini na moja. Ni namba ya jedwali, na inasimama badala ya kilo 615 kwa tairi moja. W ni kilomita 270 kwa saa. V ni 240, Y ni 300, na H, ambayo ungeitafuta mbali kabla ya hapo kwenye alfabeti, imekaa kati ya U ya 200 na V kwa kipimo cha 210. Hakuna barabara Afrika Mashariki inayokuruhusu mwendo huo, na sedani nyingi za Kijerumani zimefungiwa kiwandani zisipite 250. Kwa nini basi kulipia W? Kwa sababu tairi linalostahimili kasi hiyo limejengwa kustahimili joto, na joto ndilo linaloua matairi: mzigo, jua la saa nane mchana, upepo pungufu. Kushuka herufi moja hakutakulipukia kesho, ila ujue unapunguza nini.

Herufi inayopaswa kukushtua zaidi ni Q. Je, wajua kwamba baadhi ya matairi yanayoteremka bandarini Mombasa na Dar es Salaam yakiwa kwenye magari ya Japani yalitengenezwa kwa ajili ya barafu? Zamani Wajapani waliendesha majira ya baridi kwa matairi yenye misumari. Misumari ilikwangua lami, vumbi likajaa mijini, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyapiga marufuku. Viwanda vikahamia kwenye mpira laini mno wenye mikato mingi myembamba, unaoshika barafu bila msumari. Bridgestone ilikwishaanza kuuza Blizzak mwaka 1988. Ubavuni huandikwa STUDLESS, na mengi yana Q, yaani kikomo cha kilomita 160 kwa saa. Mark X au Legacy B4 iliyotoka Hokkaido inaweza kuwa nayo, kashata zikiwa bado ndefu, na mnunuzi akafurahi kwamba matairi ni mapya. Kwenye lami ya Pwani mpira ule unalika upesi, gari linayumba kwenye kona, na breki zinachukua nafasi ndefu kuliko unavyodhani. Yavue.

Kinyume chake pia kipo. Tairi la kimichezo la majira ya joto huanza kukakamaa hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Ndugu zetu walioko Montréal hawana cha kujadili: Quebec huwalazimisha kuvaa matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi.

Umri nao umeandikwa. Tafuta herufi DOT na usome tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na hupaswi hata kuulizia bei. Michelin na Continental hushauri tairi lisizidi miaka kumi hata kama kashata zimejaa.

Na kama fedha inatosha matairi mawili tu? Karibu kila mtu huyaweka mbele, kwenye usukani. Wataalamu wa matairi husema yawekwe nyuma, maana mbele ikiteleza unahisi mikononi na kupunguza mwendo, lakini nyuma ikiteleza gari limeshageuka. Wenye Subaru wana kikwazo kingine: kiwanda kinataka mizingo ya matairi yote manne isipishane zaidi ya robo inchi, karibu milimita 6, kwa kuwa mfumo wa kuendesha magurudumu yote haupumziki tairi moja likiwa dogo.

Namba ya TREADWEAR, kwa mfano 300, ni ya Marekani. Matairi hukimbizwa maili 7,200 kwenye barabara za San Angelo, Texas, na kulinganishwa na tairi la kipimo lenye alama 100. Anayetoa alama ni kiwanda chenyewe, kwa hiyo itumie kulinganisha matairi ya kampuni moja. Ya 200 hushika lami kwa nguvu na kuisha haraka.

Watafiti wa NASA, wakichunguza ndege zinazotua penye maji, walitoa kanuni mwaka 1963 kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea hutegemea upepo uliomo. Kwa PSI 36 inatoa kama kilomita 100 kwa saa, kwa PSI 25 inashuka hadi 83. Tairi la gari dogo lina mambo yake, hasa likiwa pana na kipara, lakini mwelekeo ni ule ule: upepo pungufu kwenye mvua ya masika unakuelesha mapema. Upepo wa kujaza uko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na mara nyingi wa nyuma si sawa na wa mbele. PSI iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo, na fundi akijaza hadi hapo mwambie apunguze.