Ndege za kuundiwa gerejini: Uraibu wa wenye subira

JE, msomaji mpenzi, wewe huzitumia vipi Jumamosi na Jumapili zako? Kuna wanaokwenda uwanjani kutazama kandanda, kuna wanaofuga kuku uani, na kuna wale ambao hawatoki chini ya gari kuukuu hadi jua litue. Huko Marekani na katika baadhi ya nchi za Ulaya, wako watu ambao uraibu wao ni kuunda ndege katika gereji ya nyumbani, pale pale ambapo jirani huegesha gari lake.

Usidhani kwamba tunazungumzia ndege za kuchezea watoto. Hizi ni ndege kamili zenye injini na viti viwili au hata vinne. Mwenyewe akishamaliza kuiunda, huingia ndani, akafunga mkanda na kupaa. Isitoshe, wengi wa watu hawa hawakusomea uhandisi. Hujifunza kazi huku wakiifanya.

La kushangaza zaidi ni kwamba baadhi ya ndege hizo hazikuundwa kwa bati wala mbao. Zimeundwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo, gundi na foamu, jamaa ya ile foamu nyeupe ambayo huja imeikumbatia televisheni mpya ndani ya katoni.

Zege la angani

Huenda ukauliza, kitambaa na gundi vitambebaje mtu angani? Jibu limo katika nyumba unayoishi. Saruji ikiwa peke yake hupasuka, nayo nondo ikiwa peke yake hupinda. Lakini ukizichanganya, unapata zege linaloweza kubeba ghorofa kumi. Babu zetu walioijenga nyumba kwa fito na udongo walikuwa wakiitumia siri hiyo hiyo.

Katika ndege hizi, nyuzi za kioo ndizo nondo, na gundi iitwayo epoksi ndiyo saruji. Foamu hukaa katikati ili kulishika umbo na kuzitenganisha ngozi mbili za kioo, ya juu na ya chini, bawa lisipate kupinda. Matokeo yake ni kitu chepesi chenye nguvu za ajabu.

Teknolojia ya namna hii si ya gerejini pekee. Ndege za Boeing 787 Dreamliner, ambazo shirika la Kenya Airways lilianza kuzitumia mwaka 2014, karibu nusu ya uzito wa mwili wake ni vitu mseto vya aina hii, ingawa zenyewe hutegemea zaidi nyuzi za kaboni. Kwa hivyo, ukisafiri kwa mojawapo, nawe pia umebebwa na uzi na gundi.

Kijana wa Dinuba

Huwezi kuzungumzia ndege hizi bila kumtaja Burt Rutan. Alizaliwa mwaka 1943 katika jimbo la Oregon, akalelewa katika mji mdogo wa Dinuba, California. Tangu utotoni alikuwa akijiundia vindege vya kuchezea kwa michoro yake mwenyewe. Mwaka 1965 alihitimu uhandisi wa ndege katika chuo cha Cal Poly, kisha akaajiriwa katika kituo cha jeshi la anga cha Edwards, ambako kazi yake ilikuwa kuzifanyia ndege majaribio.

Baada ya saa za kazi, Rutan alikuwa gerejini kwake akiunda ndege ya mbao aliyoiita VariViggen, ambayo iliruka mwaka 1972. Miaka miwili baadaye alifungua karakana yake mjini Mojave, katikati ya jangwa la California. Hapo ndipo ilipotoka VariEze, ndege iliyoruka kwa mara ya kwanza Mei 1975. Jina lake hutamkwa karibu na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "rahisi sana". Ndugu yake mkubwa ilifuata Juni 1979, nayo ni Long-EZ.

Ni kweli kwamba Wajerumani walikuwa wameshaunda ndege zisizo na injini kwa nyuzi za kioo tangu miaka ya 1950. Hata hivyo, walitegemea kalibu kubwa za gharama, na kalibu ni mali ya kiwanda. Ujanja wa Rutan ulikuwa kuiondoa kalibu. Aliuza michoro na kitabu cha maelezo tu, na ndege ukaiunda mwenyewe. Mamia ya watu walifanya hivyo.

Hatua kwa hatua

Kazi yenyewe huendaje? Kwanza, fundi hukata vibao viwili vyembamba vyenye umbo la ubavu wa bawa, akavibandika kwenye ncha mbili za bonge la foamu. Kisha huchukua waya mwembamba uliotiwa umeme ukapata moto. Watu wawili, kila mmoja upande wake, huuburuta waya huo polepole wakifuata ukingo wa vibao. Foamu hukatika kama siagi iliyopitiwa na kisu cha moto, na bawa likajitokeza.

Hapa lipo onyo. Si kila foamu hukatwa kwa waya wa moto. Ile ya urethani, inayotumiwa kuunda kiwiliwili cha ndege, hutoa moshi wa sumu ikichomwa. Hiyo hukatwa kwa kisu na kusuguliwa kwa msasa.

Baada ya hapo huanza kazi ya kitambaa. Fundi hukipima na kukikata kama afanyavyo fundi cherehani, kisha hukitandika juu ya foamu na kukinywesha epoksi. Mwelekeo wa nyuzi ni jambo kubwa, kwani kitambaa hiki kina nguvu kule zinakoelekea nyuzi zake tu. Kwa kipande cha mpira, gundi ya ziada husukumwa itoke. Ikizidi, ndege inakuwa nzito bila faida. Ikipungua, kitambaa hakishiki. Mapovu ya hewa nayo ni adui, maana yakijificha chini ya ngozi, sehemu hiyo haina nguvu.

Gundi ikishakauka, fundi hupita akigongagonga bawa kwa sarafu. Mlio mkavu na thabiti ni dalili njema. Mlio wa kitu kitupu ndani, kama wa mtungi usio na maji, una maana kwamba kitambaa kimeachana na foamu, na sehemu hiyo lazima irekebishwe.

Epoksi yenyewe haitaki mchezo. Vipimo vyake viwili lazima vichanganywe sawasawa, chumba kiwe na joto la kadiri, na mikono ivae glavu. Wapo mafundi waliolazimika kuiacha kazi kwa sababu ngozi zao ziliikataa epoksi zikawashwa na kuvimba. Vumbi la msasa nalo huhitaji kifunika pua.

Je, inachukua muda gani? Aghalabu, saa elfu moja hadi elfu mbili za kazi, na wengi huzipita. Kwa mtu anayefanya kazi jioni na wikendi, hiyo ni miaka kadhaa. Zipo ndege zilizouzwa zikiwa nusu kwa sababu mwenyewe alichoka, pesa zilikwisha, au watoto waliingia chuo kikuu.

Bawa mbele, rafadha nyuma

Ukiiona Long-EZ kwa mara ya kwanza, huenda ukadhani inaruka kinyumenyume. Rafadha yake iko nyuma, nalo bawa dogo liko mbele karibu na pua. Ikiegeshwa, gurudumu la mbele hukunjwa, ndege ikapiga magoti na pua ikagusa chini kama ngamia anayepumzika.

Bawa hilo dogo lina kazi maalum. Ndege ya kawaida ikipunguza mwendo kupita kiasi huku pua imeinuliwa, mabawa huacha kuibeba na ikaanguka, jambo ambalo limewaua marubani wengi. Katika Long-EZ, bawa la mbele ndilo huchoka kwanza. Pua huinama yenyewe, mwendo ukarudi, huku bawa kubwa likiendelea kubeba.

Urefu wake ni kama mita 5 tu, na mabawa karibu mita 8 kutoka ncha hadi ncha. Ikiwa tupu ina uzito wa takriban kilo 320. Hata hivyo, kwa injini ya nguvu-farasi 115, huenda takriban kilomita 290 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: umbali wa angani kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 440, hivyo ungefika kwa saa moja na nusu.

Kasoro nazo zipo. Huhitaji uwanja mrefu na laini, kwani magurudumu yakirusha mawe, rafadha iliyo nyuma huyapokea. Bawa la mbele la mwanzo lilipungukiwa na nguvu liliponyeshewa mvua, mpaka mtaalamu John Roncz akachora jingine. Tena ndege hizi hupakwa rangi nyeupe, kwa sababu rangi nyeusi hunyonya joto la jua na kulegeza gundi.

Dunia nzima bila kutua

Waliodhani kwamba haya ni mambo ya mchezo walinyamazishwa Desemba 1986. Dick Rutan, kaka yake Burt, pamoja na mwanamke rubani Jeana Yeager, walipaa kutoka Edwards tarehe 14 katika ndege Voyager, iliyochorwa na Burt na kuundwa Mojave kwa msaada mkubwa wa watu waliojitolea. Ilikuwa imebeba mafuta mengi kiasi kwamba ncha za mabawa zilikwaruza barabara ya kurukia. Siku tisa baadaye, tarehe 23, walitua pale pale walipoanzia baada ya kuizunguka dunia bila kutua wala kuongezwa mafuta. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yao.

Mwaka 2004 Burt Rutan alirudi tena kwenye magazeti chombo chake SpaceShipOne kilipofika anga za juu na kushinda tuzo ya dola milioni 10. Nacho kiliundwa kwa nyuzi na gundi.

Kifo cha mwanamuziki

Lakini msomaji, kila chenye tamu kina na chungu. Bila shaka umewahi kumsikia redioni John Denver, mwimbaji wa nyimbo za mashambani ambaye Wakenya wengi walimpenda. Tarehe 12 Oktoba 1997, Denver alipaa peke yake kwa Long-EZ aliyokuwa ameinunua siku chache tu, na akaanguka baharini karibu na Pacific Grove, California. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Denver hakuwa rubani mwanagenzi. Alikuwa ameruka kwa zaidi ya saa 2,700. Kosa lilikuwa wapi? Ndege ile hakuiunda yeye. Katika michoro ya Rutan, swichi ya kubadilisha tangi la mafuta iko mbele ya rubani, karibu na mapaja yake. Aliyeiunda ndege ile aliihamishia nyuma ya bega la kushoto la rubani. Ili kuifikia, ilibidi mtu ajipinde na kugeuka nyuma. Wachunguzi waliamua kwamba Denver, alipokuwa akihangaika kuigeuza, aliisukuma pedali ya kulia bila kukusudia na ndege ikamponyoka. Waligundua pia kwamba hakuongeza mafuta kabla ya kupaa, swichi na vipimo vya mafuta havikuwa na alama, na mafunzo aliyopata juu ya ndege hiyo hayakutosha.

Tazama basi jinsi jambo dogo linavyozaa kubwa. Foamu haikuvunjika wala gundi haikuachia. Ni swichi moja iliyohamishwa, na safari moja iliyofanywa bila ya maandalizi kamili.

Je, sheria inaruhusu?

Nchini Marekani, mamlaka ya usafiri wa ndege, FAA, huruhusu ndege ya namna hii endapo sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, imefanywa na watu wasiolipwa, kwa nia ya kujifunza au kujiburudisha. Ndege huandikwa wazi kwamba ni ya majaribio. Mkaguzi huikagua, na kwa kawaida lazima irushwe saa 25 hadi 40 katika eneo maalum kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria.

Hapa kwetu, mwenye sauti ni Mamlaka ya Safari za Ndege ya Kenya, KCAA. Asikudanganye mtu kwamba unaweza kuunda ndege uani ukairusha bila idhini. Utajitia hatarini wewe, familia yako na majirani mnaoishi nao.

Somo kwa vijana

Mwanafunzi unayesoma haya, huenda usiunde ndege maishani mwako. Lakini zingatia haya. Burt Rutan alianza na vindege vya kuchezea, na hesabu na fizikia ya darasani ndiyo iliyomfikisha anga za juu. Na wewe mzazi, ukimwona mtoto akikata katoni na kubandika gundi sakafuni, mwambie apanguse uchafu akimaliza, lakini usimkataze.

Na kwa sisi sote, iwe tunaunda ndege, tunajenga nyumba au tunatengeneza breki za gari, kazi ya mkono ina ukweli mmoja. Pale unapofunika kasoro kwa rangi ili isionekane, kuna mtu atakayekuja kuikalia siku moja, akiamini kwamba ulifanya kazi yako vyema. Huenda akawa mgeni. Huenda akawa mwanao.