Kati ya Boti na Ndege: Namna ya Kuipanga Siku Moja Dar es Salaam

Familia nyingi za Kata ya Mbwawa zina ndugu Unguja, Pemba au Uarabuni. Kwa sababu hiyo, safari ya aina moja hujirudia kila mwaka: ndugu anavuka kwa boti asubuhi kutoka Zanzibar, kisha usiku wa siku hiyohiyo anapanda ndege ya kimataifa katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere. Wapo waendao kazini Muscat au Doha, wapo waendao kutekeleza ibada ya umra, na wapo wanaorejea masomoni. Katikati ya boti na ndege hubaki saa kadhaa zisizo na kazi, na nyumbani Mbwawa hubaki mama au shangazi anayesubiri kumwona msafiri japo kwa muda mfupi.

Swali ni moja: je, msafiri huyo aletwe nyumbani, au jamaa zake wamfuate mjini? Jibu hutegemea hesabu, na hesabu hiyo haianzi pale boti inapofunga gati. Huanza mwisho wa siku, kwenye saa ya ndege, na kurudi nyuma.

Kusoma saa ya tiketi

Kosa linaloweza kugharimu kuliko yote hufanyika kabla ya safari, katika kusoma tiketi. Tiketi za boti na za ndege huandikwa kwa saa za kimataifa, ambazo siku yake huanza usiku wa manane. Mswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo, na tangu zamani usiku kwake hutangulia mchana. Ndiyo maana husemwa "usiku wa kuamkia Ijumaa". Tofauti ya hesabu hizo mbili ni saa sita. Iliyoandikwa 07:00 ni saa moja asubuhi, 16:00 ni saa kumi jioni, na 02:00 ni saa nane usiku, wala si saa mbili.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye tarehe. Tuchukue mfano wa tiketi iliyoandikwa tarehe 15, saa 00:45. Ndege hiyo inaondoka saa saba kasorobo, usiku wa kuamkia tarehe 15. Abiria wake anapaswa kuwa kiwanjani usiku wa tarehe 14. Akifika jioni ya tarehe 15, ndege yake itakuwa imeondoka tangu usiku uliopita. Mara nyingi tiketi ya mtu asiyetokea hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na pengine yote. Kwa aliyekopa nauli, au aliyeahidiwa kazi kwa tarehe maalumu, hasara hiyo si ndogo.

Inashauriwa tiketi isomwe na watu wawili, kisha saa ya kuwapo kiwanjani iandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi: siku gani, usiku au mchana, saa ngapi. Nakala apewe dereva au jamaa atakayemsindikiza msafiri.

Kuhesabu kwa kurudi nyuma

Kwa safari za kimataifa, abiria hushauriwa kufika kiwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Kaunta za kupokea mizigo kwa kawaida hufungwa takribani saa moja kabla ya safari, na kaunta ikishafungwa, tiketi mkononi haimsaidii abiria. Katika mfano wetu, ndege ya saa saba kasorobo usiku inamtaka abiria awe kiwanjani saa nne kasorobo usiku.

Kutoka katikati ya jiji hadi kiwanjani ni takribani kilomita 12 kupitia Barabara ya Nyerere. Daraja la Mfugale katika makutano ya Tazara, lililofunguliwa mwaka 2018, limepunguza adha iliyokuwapo pale. Hata hivyo, kuanzia saa kumi jioni magari huongezeka, na mwendo ambao asubuhi ya Jumapili huchukua nusu saa unaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Ni busara kutenga saa mbili. Kwa hiyo msafiri wetu anapaswa kuondoka mjini saa mbili kasorobo usiku, si baada ya hapo.

Sasa upande wa pili. Boti ya mwendo kasi kutoka Bandari ya Malindi, Unguja, huchukua takribani saa mbili kufika Dar es Salaam. Inayoondoka saa 09:30, yaani saa tatu na nusu asubuhi, hufika karibu saa tano na nusu. Hadi mizigo itoke na msafiri afike barabarani, huwa saa sita mchana. Muda wake huru, basi, ni kati ya saa sita mchana na saa mbili kasorobo usiku: saa saba na dakika arobaini na tano.

Jambo moja halipaswi kusahaulika. Boti na ndege ni mikataba miwili tofauti. Boti ikichelewa au ikizuiwa kwa sababu ya upepo mkali, shirika la ndege halidaiwi chochote. Katika majira ya kusi, au wakati Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari ya upepo na mawimbi, mwenye ndege ya siku hiyo afadhali avuke siku moja kabla. Gharama ya kulala usiku mmoja kwa ndugu ni ndogo kuliko ya tiketi mpya.

Njia ya kwanza: kuja nyumbani

Kibaha iko takribani kilomita 40 kutoka katikati ya jiji, na kutoka Maili Moja kuingia Mbwawa kuna mwendo wa ziada. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kati ya Kimara na Kibaha, hivyo safari ni nyepesi kuliko ilivyokuwa miaka ya nyuma. Pamoja na hayo, atokaye gatini atenge saa mbili na nusu hadi mlangoni mwa nyumba. Wakati wa kurudi, njia ni Kimara, Ubungo, Barabara ya Mandela hadi Tazara, kisha Barabara ya Nyerere. Barabara ya Mandela hupitisha malori mengi ya bandarini, kwa hiyo safari hiyo itengewe saa tatu na nusu hadi nne.

Katika mfano wetu, msafiri aliyeondoka gatini saa sita mchana atafika Mbwawa saa nane na nusu. Akitaka kuwa kiwanjani saa nne kasorobo usiku, lazima aondoke nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni. Anazo saa tatu za kula, kuoga, kuswali na kuagana. Inawezekana, kwa masharti matatu: boti iwe ya asubuhi, ndege iwe ya usiku wa manane au baada yake, na siku isiwe ya mvua kubwa.

Sharti la tatu lina uzito wake. Wakati wa masika na vuli, Mto Msimbazi umewahi mara nyingi kufurika pale Jangwani na kusababisha Barabara ya Morogoro kufungwa kwa muda. Siku kama hiyo, safari ya kuja nyumbani iahirishwe bila kusitasita.

Ikiwa ndege inaondoka mchana au jioni, hesabu haikubali kabisa. Msafiri wa ndege ya saa kumi jioni anatakiwa kiwanjani saa saba mchana. Kumleta Mbwawa ni kumnyang'anya safari yake. Hapo ni jamaa wanaopaswa kusafiri.

Njia ya pili: jamaa kumfuata mjini

Kituo cha boti kiko mahali pazuri kwa kukutana. Kinatazamana na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, jengo la Wajerumani lililokamilika mwaka 1902, ambalo kila dereva wa bajaji analijua. Karibu na hapo ni Kivukoni, mwisho wa mabasi ya mwendokasi yatokayo Kimara, yaliyoanza huduma mwaka 2016. Mkazi wa Mbwawa anaweza kupanda daladala kutoka Maili Moja hadi Kimara, kisha mwendokasi hadi Kivukoni, bila kukodi gari.

Mkifika, hamhitaji kwenda mbali. Soko la samaki la Feri liko hatua chache kutoka Kivukoni, na samaki wa kukaanga hupatikana mchana kutwa. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert. Yalifunguliwa mwaka 1940, na humo hupatikana historia ya fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, pamoja na kumbukumbu ya waliouawa katika mlipuko wa Agosti 7, 1998 kwenye Ubalozi wa Marekani. Jirani yake ni Bustani ya Mimea, yenye vivuli vya miti iliyopandwa tangu enzi za Wajerumani. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iko katika Mtaa wa Samora. Kwa watoto waliokuja kumwaga mjomba wao, hilo ni somo la historia la alasiri moja.

Kikwazo ni mizigo. Mwenye sanduku zito hatembei, na hapaswi kuingia nalo Kariakoo. Jamaa mmoja akae na mizigo sehemu yenye kivuli, au familia iulize katika nyumba ya wageni iliyo jirani kama inaweza kuhifadhi mizigo kwa malipo yanayofahamika mapema. Bei ya mchukuzi nayo ikubaliwe kabla mzigo haujainuliwa.

Njia ya tatu: kukutana upande wa Pugu

Njia hii haijulikani sana, nayo ina faida moja kubwa: msafiri anavuka makutano ya Tazara mchana, kabla ya msongamano wa jioni, kisha hubaki upande uleule wa kiwanja cha ndege. Barabara ya Nyerere hupita kiwanjani, ikaendelea Gongo la Mboto na Pugu hadi Kisarawe. Njiani kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Humo kuna msitu wa asili, ndege wa aina nyingi, na mapango yaliyotokana na uchimbaji wa udongo mweupe wa kaolini. Pugu pia ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipofundisha kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 ili kuitumikia TANU.

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina stesheni Pugu na Soga. Stesheni ya Soga iko ndani ya Wilaya ya Kibaha, hivyo baadhi ya jamaa wanaweza kuja Pugu kwa reli badala ya barabara. Si kila treni husimama katika stesheni ndogo, na abiria hutakiwa kuwa na kitambulisho, kwa hiyo ratiba iulizwe Shirika la Reli Tanzania kabla ya siku yenyewe.

Mambo yasiyosubiri siku hiyo

Yapo yanayopaswa kukamilika kabla msafiri hajapanda boti. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa nchi zinazokidai, huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo. Anayechanjwa akiwa njiani kwenda kiwanjani hana cheti kinachofaa. Aliyekwishachanjwa hana haja ya kurudia, kwani tangu mwaka 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote.

Mizigo nayo ifungwe upya kabla ya kwenda kiwanjani. Achari, asali na manukato yaliyo katika chupa zinazozidi mililita 100 hayaruhusiwi ndani ya mkoba wa mkononi. Yawekwe kwenye sanduku linalokabidhiwa kaunta. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019, hivyo zawadi za nyumbani zitiwe kwenye vikapu au mifuko mbadala. Hati ya kusafiria, tiketi na dawa anazotumia msafiri visitenganishwe naye kwa sababu yoyote, hata kama sanduku limebaki kwa ndugu.

Mwenyeji na wajibu wake

Desturi yetu humtaka mwenyeji amshikilie mgeni: ale tena, angoje chai, asalimie na nyumba ya pili. Kwa msafiri mwenye ndege, ukarimu huo unaweza kumgeukia. Familia iteue mtu mmoja, ikiwezekana mzee anayesikilizwa na wote, awe mshika saa. Saa ya kuondoka ikifika, yeye ndiye aseme, na chakula kilichobaki kifungwe safarini. Kwa namna hiyo hakuna atakayeonekana amemfukuza mgeni, na mgeni hatalazimika kuchagua kati ya adabu na safari.

Wakazi wanakumbushwa kuwa ratiba za boti, treni na ndege hubadilika. Zithibitishwe kwa wahusika siku moja kabla ya safari, na tena asubuhi ya safari yenyewe.