Ukifika Tukuyu na watoto, ulizia mbalaga kabla ya chipsi

Barabara ya kutoka Uyole, Mbeya, kwenda mpaka wa Kasumulu inapita katikati ya chakula. Huku viazi, kule migomba, mbele chai na parachichi, na nyuma ya nyumba ng'ombe wa maziwa wamefungwa bandani. Hata hivyo, familia zinazosimama Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, mara nyingi huwanunulia watoto chipsi na soda.

Sababu ni rahisi. Chipsi huonekana kwa mbali, wakati chakula cha Kinyakyusa hukaa ndani ya sufuria zilizofunikwa, kwenye vibanda visivyo na bango. Kukipata lazima uulize.

Uanzie wapi

Ukitokea Mbeya, Isongole ndiko kwenye viazi mviringo. Zao hili asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako limelimwa kwa maelfu ya miaka. Lilipofika Rungwe lilikuta baridi na mvua linazozipenda. Kwa mtoto, viazi vya kuchemsha au vya kuunga pamoja na maharage ni bora kuliko vilivyozama kwenye mafuta yaliyotumika tangu asubuhi.

Ukishuka kidogo unafika Kiwira, penye soko la ndizi linalojulikana hadi Dar es Salaam. Hapa ndipo pa kununua ndizi za kupika na mbivu za njiani. Ndizi mbivu haihitaji kisu wala sahani, na ganda lake humkinga mtoto na uchafu wa safari.

Tukuyu mjini, nenda kwa mama lishe wa karibu na stendi au soko la Tandale. Ulizia mbalaga: ndizi mbichi zilizomenywa na kupikwa pamoja na maharage au nyama mpaka zikalainika. Wapo wanaoziunga kwa maziwa. Ulizia pia magimbi, maharage mabichi yakiwa msimu wake, mboga za majani na maziwa ya mgando. Siku ambazo samaki wamepanda kutoka Kyela, utakuta mbasa au dagaa wa Ziwa Nyasa, pamoja na wali wa mchele wa huko huko.

Wahi mchana. Sufuria ya mama lishe ikiisha, imeisha.

Kushiba si kupata lishe

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolima chakula kwa wingi, ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika zaidi. Udumavu una sababu nyingi, zikiwamo maradhi ya mara kwa mara na afya ya mama wakati wa ujauzito. Lakini mojawapo ni mtoto kushibishwa chakula cha aina moja kila siku, iwe ugali, viazi au ndizi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku angalau makundi matano kati ya manane: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde na karanga, maziwa na mazao yake, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A, na matunda na mboga nyinginezo.

Pima sasa sahani zenu. Chipsi kavu ni kundi moja. Mbalaga ya maharage ni mawili. Ongeza mchicha, kipande cha parachichi, dagaa na kikombe cha mgando, mtoto amefikisha makundi sita bila kutoka sokoni.

Mambo manne ya kuangalia

Maziwa. Uliza kama yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu na brusela. Kabla ya mwaka mmoja, maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya maziwa ya mama.

Chai. Rungwe ni nchi ya chai, na watoto hupewa mapema. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unapata kutoka kwenye maharage na mboga. Mpe maji safi, au tunda.

Ulaini. Mtoto mdogo pondewa ndizi na maharage kwa uma, kisha ongeza parachichi badala ya mchuzi mwembamba. Samaki mtoe miba wewe mwenyewe kwa vidole. Dagaa waombe wasagwe au uwaponde.

Usafi. Chagua sufuria inayofuka moshi, na hakikisha kuna maji tiririka na sabuni. Nawisha mikono ya mtoto kabla hajagusa sahani.

Mbalaga ikimkataa mtoto mara ya kwanza, usikate tamaa. Ladha mpya huhitaji kurudiwa mara kadhaa. Nunua ndizi Kiwira na maharage Tandale, ukapike tena nyumbani.