Mteja wa Kila Siku katika Hoteli za Uvira

Hoteli humtendea mgeni anayerudi tofauti na mpita njia. Kwenye kampuni kubwa za kimataifa tofauti hiyo imeandikwa. Mwaka 1983, baada ya shirika la ndege la American Airlines kuanzisha mpango wa aina hiyo mwaka 1981, Holiday Inn na Marriott zilianza kuwapa wateja wao pointi kwa kulala kwao, na leo aliyelimbikiza nyingi hupewa chumba bora au huruhusiwa kuchelewa kutoka. Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba pointi huenda kwa anayelala hata kama analipiwa na mwajiri: kampuni humtunza anayechagua hoteli, si mwenye fedha.

Mipango hiyo imefika Kinshasa, mji mkuu wa Kongo, mathalani katika hoteli ya Pullman ya kundi la Accor. Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, kinachohesabiwa ni kumbukumbu ya mtu wa mapokezi.

Wateja wa hapa hurudi kwa sababu kazi zao zinawarudisha. Wafanyabiashara huvuka mpaka wa Kavimvira wakienda Bujumbura na kurudi. Wenye mizigo husubiri boti za Kalemie au Kigoma katika bandari ya Kalundu, na boti hazifuati saa. Madereva hupitia hapa kati ya Bukavu na Baraka. Watu kama hao hawahitaji chumba kikubwa, wanahitaji kuaminiwa. Mteja anayejulikana aweza kulala leo na kulipa mzigo ukishauzwa, akaacha magunia yake stoo hadi safari ijayo, na bei ya chumba akakatiwa bila kubishana sana. Noti ya dola iliyochanika kidogo, ambayo mgeni asiyejulikana hurudishiwa papo hapo, yeye huenda akapokelewa. Umeme wa shirika la taifa, SNEL, ukikatika, mhudumu anajua ni nani atakayekuja kuuliza jenereta itawashwa saa ngapi. Kwa mchuuzi, usiku mmoja wa mkopo una thamani kuliko pointi elfu.

Wafanyakazi wa mashirika ya misaada wana hali nyingine. Mara nyingi ofisi ndiyo inayopatana bei na hoteli, kwa hiyo heshima wanayopewa ni ya ofisi. Mkataba ukiisha, heshima hiyo huondoka nao.

Upendeleo kwa mteja wa siku zote hupimwa vyumba vinapokuwa haba. Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, serikali ya mkoa wa Kivu Kusini ilihamia Uvira. Mji ukipokea watu kwa wingi namna hiyo, mwenye hoteli anabaki na mizani ngumu: anayelipa mwezi mzima mbele, au mteja wa miaka anayelala siku mbili kwa bei ya zamani? Kumfukuza wa pili kuna faida ya haraka, lakini wageni wa dharura wakiondoka, ni yeye aliyekuwa akijaza vyumba.

Udhaifu mkubwa wa mfumo huu ni kwamba hauandikwi. Aliyekopeshwa katika hoteli moja huanza upya katika nyingine, na mpokezi akihamia kwa mshindani, anaondoka na majina, madeni na tabia za wateja kichwani, pengine na wateja wenyewe. Ndiyo maana baadhi ya wamiliki huketi mapokezi wao wenyewe, au humweka ndugu.