SOMO LA REDIO: KATIKA KILA SHILINGI MIA, NGAPI NI ZA AFYA?

Leo tutafanya hesabu, lakini ni hesabu ya dawa na waganga. Mwenye kalamu na aishike.

Pato la taifa ni thamani ya vitu na kazi zote ambazo watu wa nchi hufanya kwa mwaka mmoja. Ili tuweze kulinganisha nchi kubwa na ndogo, pato la kila nchi tunalihesabu kama shilingi mia, kisha twauliza: ngapi zimetumika kwa afya?

Juma hupata shilingi 200, naye hutoa 20 kwa dawa. Ali hupata 1,000, naye hutoa 50. Ali ametoa fedha nyingi zaidi. Lakini katika kila mia, Juma ametoa 10, Ali 5 tu. Hapo twaona nani amejinyima. Hatuoni nani amepata dawa nyingi.

Sasa tutazame Uingereza na Marekani, mwaka 2022. Uingereza ilitumia kama shilingi 11 katika kila mia za pato lake. Marekani ilitumia kama 17. Mtu atasema, basi Wamarekani wanatunzwa vizuri zaidi. Ngojeni kwanza. Tuulize fedha hizo zilitoka mfuko gani.

Uingereza, tangu Julai 1948, matibabu hulipwa hasa kwa kodi. Katika zile 11, kama 9 zilitoka serikalini. Marekani, serikali hulipa karibu nusu, zaidi kwa ajili ya wazee na maskini, kwa sheria ya mwaka 1965. Nusu ya 17 ni nane na nusu. Kumbe serikali hizi mbili zilitoa karibu sawasawa! Tofauti ni kwamba Mmarekani, baada ya kodi, alilipa tena karibu kiasi hicho kwa bima na mfukoni mwake, maana bei za matibabu huko ni kali mno. Na hata hivyo umri wa kuishi uliotazamiwa huko mwaka ule ulikuwa kama miaka 77 na nusu. Uingereza ni kama 81. (Si kosa la hospitali peke yake, ziko ajali, bunduki na madawa ya kulevya.)

Jambo la mwisho huwakosesha hata wasomi. Mwezi wa Aprili 2001, huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi 15 katika mia kwa afya. Ukisikia hivyo utadhani tumewapita Waingereza. Sivyo. Ile ni mia ya bajeti ya serikali, si mia ya pato la taifa. Serikali ikitumia shilingi 20 katika kila mia za pato la taifa, 15 katika mia ya hizo 20 ni shilingi 3 tu. Basi kila mtu akikutajia hesabu ya namna hii, muulize: mia ya nini?

Zoezi. Serikali ya nchi nyingine hutumia shilingi 30 katika kila mia za pato la taifa, nayo hutoa 10 katika mia ya bajeti yake kwa afya. Je, imeipita ile ya kwanza, imepitwa, au zimelingana? Andikeni jibu na njia mliyofuata, mwalimu wenu asahihishe.